Kopo Nililompelekea Bibi

Tik. Tik. Tik-tik-tik-tikrrrrr!

Mpaka leo, mtu akipiga ulimi hivyo kuita kuku, mwili unanisisimka. Hiyo ndiyo sauti iliyoniumbua. Nimekosa, ndugu zangu. Sikutumwa, sikudanganywa, wala sikurogwa. Nilikosa kwa kiburi, na kwa kichwa hiki hiki kilichomaliza darasa la saba kikajiona kimemaliza dunia.

Nisikilizeni basi. Mnicheke, ruhusa.

Nilipata kazi Bukoba mjini, upande wa Bakoba, kwenye stoo ya wapima mawe. Wataalamu walikuwa wakizunguka vilima vya Muleba kutafuta mawe yenye mionzi. Sisi wasichana tuliyatwanga kwenye kinu cha chuma, tukachekecha, tukajaza unga wake kwenye makopo. Wataalamu wakija wanavaa glavu, wanashika kopo kwa vidole viwili kama wameshika mkia wa panya. Sisi? Mikono mitupu! Tena tunaimba! Walituambia tunajenga taifa, na mimi juha nikajiona nalijenga peke yangu. Nilishaota na koti jeupe na safari ya ndege.

Mtu mmoja tu ndiye aliyetujali: msimamizi wetu, Ta Anselimi. Kila jioni alitupitishia mikononi ile mashine ya kupimia mionzi. Ikilia moja moja, nenda zako. Ikikazana, rudi ukanawe.

"Ta Anselimi, leo inasemaje? Nitaolewa?"

"Inasema unawe, binti. Mchumba atangoja."

Tulicheka! Lakini kwenye jambo moja hakutaka mzaha. Kitu cha stoo hakitoki stoo. Makopo yaliyobeba unga wa mawe makali yalizikwa kwenye shimo nyuma ya jengo. Nami moyoni nikamdharau. Mzee wa watu, anazika makopo mazuri kama anazika maiti! Huo ndio ushamba, nikasema. Mimi, nshomile, msomi mkubwa, ndiye niliyemwita mwenzangu mshamba!

Sasa niwaambie kuhusu bibi yangu, aliyenilea huko kijijini Muleba. Kwetu mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari, anapewa kahawa ya kutafuna. Bibi huichuma mwenyewe, anaichemsha na majani yake ya harufu, anaianika, anaiweka kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Mvua zikianza, inalowa na kulegea. Na kikapu chenyewe kimechakaa, kimeungwa kwa uzi. Nilikionea aibu!

Basi nikaona kopo pembeni mwa shimo. Jeupe, linang'aa, lina kifuniko cha kuzungusha. Nikalificha ndani ya kanga. Sikuiba, nikajiambia, nimeokoa. Nikalisugua kwa majivu hadi nikaona meno yangu humo. Kumbe unga ulikuwa umejibana kwenye hesi za kifuniko, unaningoja.

Nilipopata likizo nikampelekea bibi, akalipokea kwa mikono miwili.

"Waitu, mwanangu! Hili ni la wakubwa."

"Wewe si mkubwa, bibi?"

Alilipakata kama mtoto. Kila aliyebisha hodi, bibi alianza na kopo. "Mjukuu wangu wa mjini ndiye kaleta. Tafuna." Kikapu kikatupwa darini. Nami nikatembea kijijini pua juu.

Siku niliyorudi kazini nilifunga punje chache za koponi kwenye fundo la kanga, niwe natafuna njiani. Jioni Ta Anselimi akanipitishia mashine. Mikono, safi. Alipofika kiunoni, ikapiga kelele ile niliyowaambia.

"Una nini hapo?"

"Kahawa tu, Ta."

Akafungua fundo, akaweka punje mezani. Mashine ikalia. Akaisogeza mbali, ikatulia. Akairudisha, ikalia.

"Kahawa hii imekaa wapi, binti?"

Nikacheka. Naam, nilicheka! Halafu nikaona anavuta glavu za wataalamu, anazivaa. Nikasema yote.

Kesho yake gari la wataalamu likanipeleka hadi mlangoni kwa bibi. Balozi wa nyumba kumi akawaita wote waliotafuna, wakapangwa uwanjani kama watoto wa chanjo. Ma Veronika, jirani yetu, alifumba macho na kufungua mdomo kama anapokea komunyo. Mashine haikusema kitu kwake, wala kwa wengine. Ilipofika kwa bibi ikalia mapajani, pale alipokuwa akilipakata kopo. Wakachukua kopo, wakachukua kahawa, wakamvua na kitenge chake cha kanisani.

Bibi hakuuliza habari za mwili wake. Aliniita tu, sauti chini:

"Kwa hiyo watu wa watu, nimewalisha nini?"

Nikaingia ndani kumtafutia kitenge kingine. 

Kazi nikafukuzwa, haki yangu. Bibi sasa fizi zinamuuma. Mganga wa zahanati anasema ni uzee. Huenda. Wataalamu niliowauliza walisema "kidogo tu, kidogo tu," huku wanapanda gari. Kidogo tu! Mbona wao hawakukitafuna hicho kidogo? Lakini nikiwasema hao, najisema mara mbili. Wao hawakumjua bibi. Mimi nilimjua.

Wewe msichana unayefanya kazi kiwandani, mgodini, popote penye kitu kisichoonekana kwa macho: ukiambiwa nawa, nawa. Ukiambiwa acha, acha, hata kama anayekuambia amevaa viatu vya matairi. Na usimpelekee mpendwa wako wa nyumbani kitu ambacho hujui kimebeba nini. Eti zawadi! Nilipeleka majivuno yangu, nikayawekea kifuniko.

Bibi amerudia kikapu chake cha ukindu. Kahawa ni mpya, nimeichuma na kuianika mwenyewe. Majirani wanakuja, ni watu wenye adabu. Wanapokea kwa mikono miwili, wanashukuru, wanatafunatafuna mdomo mtupu. Bibi, macho yake hafifu, anafurahi. Wakiaga, mikono yao bado imefumbwa.

Bibi hupenda kutembea kibanjani, kwenye migomba yetu, jua likipoa. Kwa hiyo namwahi. Nasema naenda kukata majani ya kufunikia ndizi, nafuata njia waliyopita, naokota punje moja moja chini ya migomba kabla hajazikanyaga. Jana Ma Veronika aliitupa yake karibu kabisa na mlango. Nikaipangusa udongo, nikasimama nyuma ya mgomba, nikaitafuna.