Nyama ya Kuchinja Mwenyewe

Watu wa siku hizi wanapenda kusema dini ndizo zinazogombanisha watu. Wapi! Mimi nimeishi Kamina tangu reli ingali mpya, na nawaambia: dini mbili zinaweza kula sahani moja miaka yote. La kuogopa ni neno likishaponyoka mdomoni.

Baba yangu alikuwa katekista. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Mwislamu, mchuuzi wa chumvi na vitambaa, ambaye babu zake walitoka Maniema. Pasaka ikifika, yeye ndiye aliyechinja mbuzi wetu, kwa sababu nyama iliyochinjwa na sisi dini yake ilimkataza. Alisema maneno yake ya Kiarabu, akakata, tukala wote. Mama alimtania: "Shemeji, na ile kisu, unakuya kula ao unakuya kutahiri?" Naye alicheka mpaka akafuta machozi.

Halafu, mwisho wa kiangazi kimoja, hofu ya batumbula ikaingia. Batumbula, walisema, ni watu waliotumwa na wazungu: wanakukamata jioni, wanakufungia, wanakunenepesha, halafu unaliwa. Msicheke. Jua likianza tu kushuka, kambi nzima ya wafanyakazi wa reli, tulikokaa, ilifunga milango, na aliyekohoa nje hakufunguliwa. Tukawa tunasalimiana huku tunatazamana mikono.

Siku hizo fundi mmoja wa reli, jirani yetu, alikwenda Bukama kununua samaki, asirudi. Na nani mwingine alikuwa akienda Bukama kila mara? Mchuuzi. Nani alitembea na kisu? Mchuuzi.

Alasiri moja wanaume wakajaa uani kwetu, ndugu wa yule fundi mbele yao. Walikuwa na fimbo. Baba alikuwa ametoka kufundisha, bado ameshika rozari.

"Katekista," ndugu yule akasema, "weye haudanganyi. Ule rafiki yako, uliisha kumuona anakula nyama?"

"Nilimuona."

"Nyama gani?"

Baba, maskini, alidhani anamtetea. Alitaka kuwaeleza sheria ya dini ya mwenzake, kama alivyozoea kueleza amri za Mungu.

"Anakulaka tu ile anachinja ye mwenyewe."

Kisha mmoja akapiga ukelele: "Mumesikia? Katekista amesema!"

"Mbuzi!" baba akalia. "Nasema mbuzi!" Akawakimbilia nyuma, anawashika mashati, wao wanamsukuma. Walimkuta mchuuzi dukani kwake anakunja kitambaa. Alikufa kabla polisi hawajafika.

Yule fundi alirudi baadaye na kapu lake la samaki. Homa ilikuwa imemlaza Bukama kwa shangazi yake. Samaki wale hakuna aliyewanunua.

Hasira ile sijaitua mpaka leo. Sisi ndio tuliopiga magoti kila Jumapili tukapokea Mwili, tukaambiwa hii ni Damu, wala hatukuona ajabu. Lakini mtu kubagua mbuzi, aa, huyo ni mla watu! Nilimwambia baba hivyo mara moja tu. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko fimbo.

Aliendelea kufundisha katekisimu. Ila nyama ilimshinda. Pasaka iliyofuata mama alimpakulia, akaitazama, akauliza taratibu, "Nani amechinja?" Akasukuma sahani. Tangu hapo alikula bukari, ugali wetu, kwa mboga za majani, mwezi baada ya mwezi, hata akialikwa kwa watu.

Sasa sikilizeni. Siku moja nilikuwa kwenye bomba la maji, nikasikia mwanamke mbele yangu anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Ule katekista, weye uliisha kumuona anakula nyama?"

Niliacha ndoo palepale nikakimbia nyumbani. Nikamwambia mama. Alikamata kuku, akamchinja, akampika, akatoa meza nje karibu na njia ambapo watu wanapita kutoka kazini. Akamketisha baba, akamwekea paja la kuku mkononi.

"Kula," akamwambia. "Kula, bakuone."