Aliyeuliza Kama Awashe

Haya ninayokusimulia yalinitokea mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, tena mchana, katika nyumba niliyokulia kule Chome. Ninafundisha fizikia katika sekondari moja mjini Same, na kwa miaka mingi nimewazoesha wanafunzi kudai ushahidi kabla ya kuamini. Leo ninakuomba uniamini bila huo ushahidi.

Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake. Taa ya sebuleni kwake ni ya mezani, imechomekwa kwenye soketi iliyo chini, nyuma ya kochi, na ili kuiwasha ilimlazimu kuvuka chumba kizima gizani. Masika yaliyopita alijikwaa, akaanguka, akalala sakafuni hadi jirani alipomsikia. Nikaamua soketi ile iongozwe na swichi ya mlangoni, ambayo taa yake ya dari ilikufa zamani, ili Mama awashe kabla hajaingia. Fundi alikuwa ameshuka Same. Kazi yenyewe ninaifahamu: waya wa moto upite kwanza kwenye swichi, ndipo uende kwenye soketi. Nikasema nitaifanya mwenyewe.

"Chuoni ulisomea kufundisha au kuunguza nyumba za watu?" Mama akaniuliza.

"Vyote viwili, Mama. Wewe simama koridoni kwenye swichi kuu. Nikisema washa, unawasha."

"Na nikiwasha kabla hujasema?"

"Basi utamzika mwanao."

Mungu anisamehe, tulicheka.

Akazima. Nikapima kwa bisibisi yenye kitaa. Waya haukuwa na umeme. Nje, ukungu wa mlima Shengena ulikuwa umeteremka hadi kwenye migomba. Nikapiga magoti nyuma ya kochi, nikaanza kazi.

"Niwashe?" Sauti ilitoka koridoni.

Ilikuwa sauti ya Mama, ila ilisema Kiswahili. Mama hunisemesha Kipare tangu nizaliwe. Hata utani wetu huo nimekutafsiria tu. Kiswahili hukitumia nami mbele ya wageni, kwa heshima yao. Nikadhani kuna mtu amepiga hodi. Wewe ungewaza nini zaidi?

"Bado, Mama," nikajibu.

Punde ikaja tena: "Niwashe sasa?"

"Bado! Nimeshika nyaya!"

Kisha ile sauti, kwa upole anaoutumia Mama kumbembeleza mtoto mgonjwa, ikasema: "Nimesikia umesema niwashe."

Niliinua kichwa ili nikanushe, macho yangu yakapita dirishani. Mama alikuwa nje, katikati ya ukungu, akianua nguo kambani, kibanio kimoja amekiuma kwa meno.

Nikaziachia nyaya. Papo hapo kitu kikalia "ta!" koridoni, na redio ya jikoni ikaanza kuongea. Niliugusa kwa bisibisi ule waya uliokuwa vidoleni mwangu punde tu kabla. Kitaa kikawaka.

Koridoni hapakuwa na mtu. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo kwa ndani. Mpini wa swichi kuu ulikuwa umepandishwa.

Mama akaingia kwa mlango wa jikoni, nguo zimemjaa mikononi. "Umeshamaliza? Mbona redio inaongea? Manyunyu yalianza, nikasema nitarudi kabla hujaniita."

Nikamweleza. Niamini, hakunicheka, wala hakusema nimechoka. Aliuliza jambo moja tu: "Ulimjibu?"

"Mara mbili."

Akaketi palepale, nguo zikiwa bado mapajani.

Kesho yake fundi alipanda kutoka Same, akamalizia kazi. Mama hubonyeza swichi akiwa mlangoni, taa huwaka, na hajaanguka tena. Kwa hilo ninashukuru. Lakini mimi sijatulia hadi leo. Mume wangu akiniuliza kitu kutoka chumbani, simjibu. Ninainuka, ninakwenda kumtazama usoni kwanza. "Kumbe nimeoa askari wa uhamiaji?" hunitania, siku nyingine kwa hasira ya kweli. Mama naye haniiti tena kwa mbali. Huja hadi nilipo, hunigusa bega, ndipo huongea. Tumepoteza kitu hapo, mimi na yeye, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza umeme nyumbani kwako, toa fyuzi uitie mfukoni, na mtu wa kuwasha akae mahali unapomwona. Na sauti ya mtu unayempenda ikikuomba ruhusa kutoka usikoweza kuona, usifungue kinywa. Nyanyuka, nenda ukautafute uso wake, hata kama kazi itachelewa. Aliye wako kweli atanung'unika tu kwa kungojeshwa. Hatawasha.