Habari za Ijumaa Huandikwa Jumatano

Shemeji yangu hajawahi kusema uongo. Hilo naliweka wazi mapema, maana nikiendelea mtadhani namsengenya, na kweli namsengenya, lakini kwa haki zangu zote za shemeji. Kamwoa dada yangu. Nisipomtania mimi, atataniwa na nani?

Anafundisha historia katika shule ya sekondari ambayo mimi natunza maktaba yake. Ndiye pia mwandishi wa Habari za Wiki, karatasi moja, upande mmoja, inayobandikwa ubaoni kila Ijumaa jioni na kugawiwa madarasani. Nani kashinda mdahalo, bweni gani limeongoza kwa usafi, mgeni gani alikuja na alisema nini. Wanafunzi huisoma yote, mpaka tangazo la ndoo zilizopotea, kila mmoja akitafuta kama katajwa.

Shida ni mashine. Mashine ya kuchapa iko chumba cha mitihani, na fundi wake, mzee mwenye funguo nyingi kuliko milango ya shule nzima, haruhusu mtu kuisogelea isipokuwa Alhamisi asubuhi. Baada ya hapo anafunga, na hata umlilie hafungui. Basi ili habari za Ijumaa zitoke Ijumaa, shemeji yangu huziandika Jumatano. Haoni ubaya wowote.

"Mambo ya shule ni yale yale, shemeji," huniambia. "Mgeni anakuja, anawaasa wanafunzi wasome kwa bidii, anapigiwa makofi. Sasa nisubiri nini?"

Na mara nyingi inakuwa hivyo hivyo. Lakini muulize habari za siku ya kupanda miti. Karatasi ilisema wanafunzi walipanda miche kwa furaha chini ya jua kali. Siku hiyo ilishuka mvua ambayo hata bata wa mpishi walitafuta kibaraza, na miche ikalala kwenye ndoo mpaka wiki iliyofuata. Halafu kuna yule mgeni rasmi aliyetoa nasaha nzito juu ya nidhamu, wakati gari lake lilikuwa limezimika njiani na hakufika kabisa. Alipoletewa karatasi akafurahi mno, akaomba nakala kamili ya hotuba yake. Tangu hapo wanafunzi wanamwita Mtabiri. Analijua hilo jina, na mimi najua kwamba moyoni analipenda kidogo.

Kwenye mechi alikuwa na ufundi wake mwingine. Timu yetu ya wasichana haijawahi kushinda tangu iundwe, kwa hiyo habari yao alikuwa nayo tayari, anabadilisha tarehe tu: wasichana wetu walicheza kwa ari na nidhamu ya hali ya juu, kipa alijitahidi, lakini bahati haikuwa yao, wakapoteza kwa mabao, halafu nukta nukta, kwa bila. Zile nukta alizijaza kwa kalamu Ijumaa jioni baada ya kuuliza watu. Uwanjani kwenyewe hakanyagi. Jua linamuumiza kichwa, anasema, na kiti cha ofisini kimemzoea.

Sasa, kipa wa timu hiyo ni binti yake. Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, mrefu, mpole mpaka unamsahau. Nyumbani akitaka chumvi haiombi, anaitazama tu mpaka mtu aisogeze. Amedaka misimu miwili na baba yake hajawahi kumwona akidaka hata mpira mmoja. Mtoto hakulalamika. Kila Ijumaa asubuhi alisema, "Leo saa kumi tunacheza," kama anayetaja hali ya hewa, na baba akajibu, "Haya, mama, kila la heri," akarudi kwenye chai yake.

Ijumaa ninayoisema walikuwa wanacheza na shule ya jirani, ile yenye wasichana waliojengeka kama makabati. Karatasi zilikuwa zimeshachapwa, zimelala chumba cha mitihani, na kawaida huletwa kwangu maktaba zingoje jioni. Na nani alitumwa kuzibeba? Mtoto wa mwalimu hana mapumziko. Akionekana anapita mikono mitupu, anapewa mzigo. Shemeji yangu alimwita binti yake kutoka dirishani, akamwambia, "Nipelekee zile karatasi kwa mama mdogo," akaendelea kusahihisha madaftari. Wala haikumpitia akilini anamtwisha mtoto kitu gani.

Alipoingia maktaba nilidhani anaumwa. Aliweka mzigo mezani, akachukua karatasi ya juu, akasoma tena, taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Mama mdogo, umeisoma hii?"

Nilikuwa naisoma kila wiki, na kila wiki nacheka. Siku hiyo sikucheka. Mara baba mtu akaingia kutafuta miwani yake, ambayo ilikuwa kichwani.

"Baba," binti akamwuliza, "nilifungwa mangapi?"

"Lini?"

"Leo jioni."

Shemeji yangu alishusha miwani, akaitazama karatasi.

"Mwanangu, huo ni utaratibu wa kazi tu. Mashine, unajua tena, Alhamisi ikipita..."

"Umeandika nilijitahidi," binti akasema. "Ahsante." Akaiweka karatasi juu ya zile nyingine, akazinyoosha pembe ziwe sawa, akaenda kuvaa viatu vya mpira.

Nilipandwa na hasira, nisifiche. Mtoto hajacheza, baba yake ameshamfunga. Hata hao wapinzani wangesubiri filimbi.

"Shemeji," nikamwambia, "kutangulia si kufika. Uwanja uko nyuma ya jiko. Huhitaji nauli."

"Jua, shemeji."

"Jua lipi? Chungulia dirishani."

Nje mawingu yalikuwa yamejaa. Alikaa kwenye kiti cha wasomaji, magoti yake yakigonga meza, akazitazama zile karatasi. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi mtu akienda kule anasimama wapi?" Nikamhurumia hapo hapo, ingawa sikumwonyesha.

Tulisimama pembeni mwa uwanja, usawa wa mstari wa kati, yeye kavaa koti la kufundishia na viatu vya kung'aa. Wanafunzi walimwona, wakaanza kupeana habari: Mtabiri kaja, Mtabiri mwenyewe. Mmoja akamwuliza kwa adabu zote kama amekuja kuhakikisha. Shemeji yangu akajifanya kukohoa.

Shemeji yangu mpira haujui hata kidogo. Aliniuliza kwa nini wanabadilishana pande, kwa nini yule wa filimbi hana timu. Nikamjibu nilivyoweza, nami si mjuzi. Halafu sauti ikapasuka kutoka golini kwetu, nzito, ya kuamrisha: "Kaba huyo! Usimwache! Rudi, rudi!" na mabeki wetu wakarudi mbio kama wamechapwa.

"Nani huyo anayefoka hivyo?" akauliza.

"Mwanao."

Akanitazama kuona kama namtania. Nilikuwa nimemtania miaka yote, na siku ninayosema kweli haniamini. Akageuka, akatazama, akasikia tena, na baada ya hapo hakuniuliza tena habari za mwenye filimbi.

Mvua ilianza ndogo, ikaongezeka. Watu walikimbilia kibaraza cha jiko. Mimi nikamvuta mkono, akautoa. Wasichana wa jirani walikuwa wanashambulia mfululizo na binti yetu anaanguka, anainuka, anafunga kamba ya glovu kwa meno huku anapanga mabeki kwa mkono mwingine. Ukapigwa mpira wa kona, ukaja juu, wapiga vichwa wakaruka, na yeye akaruka kuliko wote, akaupangua kwa ncha za vidole ukagonga mwamba na kutoka. Nikasikia kelele sikioni. Alikuwa shemeji yangu. Hakusema neno lolote la maana; alipiga ukelele tu, na koti lake likiwa limelowa chapachapa.

Karibu na mwisho beki wetu aliteleza kwenye tope, mshambuliaji akabaki na kipa peke yao. Binti alitoka vizuri, akaugusa kwa mguu, lakini mpira ukajiviringisha taratibu mpaka wavuni. Moja bila. Filimbi ikalia. Alikaa chini ndani ya goli lake, uso kwenye magoti, na baba yake alitaka kwenda, akapiga hatua, akasita. Hakujua kama anaruhusiwa. Wachezaji wenzake wakamfikia binti kwanza, wakamwinua.

Tulirudi maktaba tunachuruzika. Mkuu wa shule alikuwa anatungoja na kalamu mkononi, mama mpenda utaratibu. "Mwalimu, jaza namba hapo tubandike, watoto wanangoja."

Shemeji yangu akachukua karatasi ya juu, akaisoma. Ari ilikuwepo. Nidhamu ilikuwepo. Bahati haikuwa yetu. Kipa alijitahidi. Safari hii utabiri ulikuwa umetimia wote, mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake.

"Hii haibandikwi, Mkuu," akasema.

"Ina kosa gani?"

"Haina kosa."

"Sasa?"

"Nilipoiandika sikuwepo."

Mkuu akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye daktari wake. Nikamwambia aisifuye mvua imemnyea, na huyu amenyeshewa leo, amwache. Alilalamikia karatasi zilizopotea bure, na kwa hilo alikuwa na haki. Mimi nilizihifadhi, kwa nyuma zinafaa kuandikia hesabu.

Jumatatu Habari za Wiki zilitoka ubaoni, nakala moja tu, kwa mkono, kwa ule mwandiko wake wa kuegemea upande. Mashine ilikuwa imefungwa na mzee hakumwonea huruma. Alikuwa ameandika mvua, tope, jina la utani la beki aliyeteleza na kwamba ndiye aliyeondoa hatari nyingi kabla ya hapo. Kuhusu kipa aliandika hivi: "Mpira wa kona ulipokuja aliruka kulia, akaupangua kwa ncha za vidole. Sikujua kwamba ana sauti kubwa namna ile. Sasa najua." Wanafunzi walisongamana ubaoni mpaka kengele ya pili. Binti sikumwona kati yao, na baba mtu alipita pale mara nyingi kuliko mtu asiye na shida.

Jioni nilikwenda kwa dada yangu, nikisingizia nimefuata chungio langu. Tulikuwa mezani wote. Shemeji yangu anakata mkate vipande vidogo visivyo na maana. Binti anakula kama kawaida yake.

"Nimeisoma," binti akasema mwishowe. "Umekosea."

Kisu kikasimama. "Wapi?"

"Kwenye kona. Sikuruka kulia. Niliruka kushoto."

Shemeji yangu akafikiri, akainua mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku hewani, akitafuta goli. "Mimi nilikuwa nimekuelekea," akasema. "Kwangu mimi ilikuwa kulia."

"Ndiyo maana." Akaivuta chumvi mwenyewe, akanyunyiza. "Ijumaa simama nyuma ya goli langu, baba. Utaona ninavyoona mimi."

"Nyuma ya goli kuna kivuli?" akauliza, mzee wa watu.

"Hakuna."

"Haya, mama," akasema. Akaushusha mkono wake, akaanza kula vile vipande vya mkate, kimoja kimoja, macho yamejaa maji. Nami kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu, nilikosa cha kumtania.