Kikombe Alichokificha Mzee Kioko

Pascalia alilelewa Changamwe na baba peke yake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na Mzee Kioko, Mkamba aliyekuja Mombasa kijana akapata kazi ya kufunga kamba za meli bandarini, alikataa katakata kumpeleka bintiye kwa nyanya huko bara. Alijifunza kusuka nywele. Majirani walicheka kumwona mwanamume mwenye viganja vilivyochubuliwa na kamba ameketi kibarazani na kitana, lakini mtoto alikwenda shule nywele zimelala vizuri.

Kwa hivyo mzee alipopatwa na kiharusi, Pascalia alimchukua kwake bila kujadiliana na mtu. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, yeye mwenyewe hufunga majani ya chai kwenye ghala moja hapo Changamwe. Kila asubuhi alimwogesha baba, akamwachia uji kwenye chupa, akaenda kazini. Jioni moja alirudi akamkuta sakafuni jikoni, alipoangukia tangu asubuhi, shavu limeshikana na saruji.

Ndipo mwenzake wa kwaya, Purity, akamwambia kuhusu nyumba ya kutunzia wazee kule Kiembeni. Mwenye nyumba hiyo aliitwa Margret, mwanamke mtaratibu mwenye sauti ya chini. Vyumba vya mbele vilinukia sabuni na vitanda vilitandikwa vizuri. Wageni waliruhusiwa Jumapili tu. "Wazee wakizoea kuonwa kila siku hawatulii," Margret alieleza, na Pascalia akaona ana hoja.

Jumapili zote alimkuta baba amenyolewa, amevaa shati lililopigwa pasi, ameketi barazani. Alikuwa anakonda. Margret alisema ni uzee. Pascalia akitaka kummiminia chai aliyoileta kwenye chupa, mzee alimtazama usoni kwanza, kisha akamtazama Margret, halafu akasema ameshiba. Pascalia alidhani ugonjwa umemwondolea hamu ya chai. Alimshika mkono wakaongea habari za wajukuu, akarudi nyumbani na chupa yake imejaa.

Jumatano moja umeme ulipotea ghalani, wafanyakazi wakaruhusiwa mapema. Pascalia akaona heri apitie Kiembeni. Alikuta lango wazi, kwa kuwa mtu wa gesi alikuwa akishusha mitungi. Baraza lilikuwa tupu, na vitanda vya vyumba vya mbele havikuwa na mtu. Akasikia kikohozi nyuma ya jikoni, akakifuata.

Kilikuwa chumba kilichojengwa kuwa stoo. Harufu ya mkojo ilimpiga kabla hajaingia. Wazee, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamelazwa chini kwenye magodoro yaliyofunikwa nailoni, bila shuka. Baba yake alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepasuka, mkononi ana kikombe cha plastiki.

Alipomwona bintiye, alikisukuma kikombe nyuma ya mgongo upesi, maji yakammwagikia.

"Sijanywa," alisema. "Pascalia, mwanangu, sijanywa."

"Hujanywa nini, baba?"

"Maji. Nilishika tu."

Bibi mmoja wa Likoni, Mwanatabu, aliyekuwa ameketi godoro la pili, akainua mkono. "Mie ndiye niliyempa. Usimgombe yeye, nigombe mimi."

"Kwani nimgombe kwa kunywa maji, bibi?"

Bi Mwanatabu alimkazia macho. "Si wewe uliyekataza? Twaambiwa kila siku hapa. Bintiye Kioko amesema ikishapita asubuhi asipewe maji, asije akalowesha godoro. Na akiomba huambiwa watakupigia simu umkanye mwenyewe."

Pascalia alikaa palepale kwenye unyevu. Jumapili zote zile, mzee alikuwa akimtazama usoni kutafuta ruhusa ya kunywa chai.

"Na wewe ukaamini, baba? Mbona hukuniuliza?"

Mzee Kioko alitazama chini. "Nilijua umechoka," akasema. "Kufua ni kazi."

Margret alitokea mlangoni. Hakushtuka. "Jumatano haturuhusu wageni," alisema.

"Nani alikwambia nimemkataza baba yangu maji?"

"Lazima tuwaambie kitu, Mama. Mtu mzima hakubali amri ya mtu baki. Ya mwanawe huikubali." Aliyasema kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali.

Pascalia alitoa simu akapiga picha chumba chote, kisha akachota maji jikoni akawanywesha wazee mmoja mmoja. Mtu wa gesi alimsaidia kumbeba mzee hadi kwenye tuktuk. Hospitalini daktari alisema figo zimeanza kudhoofika kwa kukosa maji, lakini amewahi.

Siku hiyohiyo Pascalia alikwenda kituo cha polisi, na Purity, aliyekuwa akilia kwa kuwa ndiye aliyempa shauri, akazitafuta familia nyingine. Maafisa wa ustawi wa jamii walifika, nyumba ikafungwa. Jalila, mjukuu wa Bi Mwanatabu, alikuja kumchukua bibi yake, wakagundua kwamba bibi naye alikuwa akiambiwa Jalila hataki kupigiwa simu. Jalila kwa upande wake alikuwa akiambiwa bibi hataki kuongea na mtu.

Sasa mzee yuko Changamwe. Mchana hukaa nyumbani kwa jirani yao Kache, mama mwenye watoto wakubwa, ambaye mwenyewe alimwambia Pascalia, "Rudi saa yoyote, usibishe hodi." Naye hurudi. Mzee ameongezeka mwili, na juzi alimfokea Kache kwa kumpa chai isiyo na tangawizi.

Kesi bado inaendelea. Siku ya kwanza, nje ya chumba cha mahakama, Margret alimkaribia Pascalia kwa sauti yake ile ya chini.

"Mzee hajambo?" akauliza.

"Hajambo," Pascalia akajibu, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa kujibu. Margret alikuwa ameshaingia ndani Pascalia alipotambua alichokisema na aliyemwambia. Akatafuta ukuta wa kushikilia, akasimama hapo mpaka kesi ya baba yake ikaitwa.