Sauti ya Mzee Ndoo

Watu wa kijiji kile ukiwauliza habari za kitabu cha Mzee Ndoo, kila mmoja atakwambia amekisoma. Uongo mtupu. Aliyekisoma ni mmoja tu, Asya binti Yussuf, na wengine wote walikisikia kwake huku mikono yao imo kwenye karafuu. Lakini maoni wanayo, tena tele, na hakuna aliyeona haya kuyatoa.

Asya alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto, na siku za kazi alishinda Wete kwenye duka la kutoa fotokopi. Kupika alipika kama wanawake wenzake, na kushona hakujua kabisa. Sifa yake ilikuwa kusoma kwa sauti. Akishika kitabu, askari utamsikia ni askari, bibi kizee utamsikia ni bibi kizee, na mbuzi akitajwa utageuka kumtafuta. Kipaji hicho watu walikisifu tangu yu msichana, na yeye, tuseme kweli, alipenda kusifiwa.

Sasa, karafuu ikishachumwa haina subira. Ikirudi kutoka shamba na makonyo yake, vile vijiti vya vishada, huchambuliwa jioni ile ile ili kesho ianikwe majamvini, maana ikilala rundo hupata joto ikaharibika. Kwa hiyo msimu ukichanganya, wanawake hukusanyika baada ya alasiri wakalizunguka rundo, wakawa wanachambua hadi usiku unaingia. Vidole vina kazi, masikio hayana. Mwaka ule wa vuno kubwa walichambulia uani kwa Bi Intisar, ambaye mababu zake walimiliki kilima kizima cha mikarafuu. Yeye alibakiwa na miti michache na ua mpana, ila kuamrisha hakusahau.

"Asya, wewe leo usichambue," alisema Bi Intisar jioni ya kwanza. "Sisi tutachambua fungu lako. Wewe tusomee kitu cha kuchekesha, simu hizi zimeshatuchosha."

Asya alikuwa na kitabu mkobani, amekinunua Chake Chake. Kilikuwa kitabu cha upelelezi. Kijiji kinaamka asubuhi kinakuta ufuo wake umeibiwa, mchanga wote umekwenda, yamebaki mawe na kaa wanaozunguka hawajui waingie wapi. Analetwa inspekta mwenye kitambi anayeogopa maji, na mtu wa kwanza kushukiwa ni mzee mmoja fukara anayeonekana usiku na punda na ndoo, ndiyo maana akaitwa Mzee Ndoo. Mwandishi alikuwa mtu wa bara na mambo ya mazingira aliyachanganya humo kama mama anavyomtilia mtoto dawa ndani ya uji. Pemba hakuitaja popote, na huenda hata kufika hajafika.

Mzee Ndoo alihitaji sauti, na Asya alikuwa nayo tayari. Ilikuwa ya mjomba wake, Jaribu.

Jaribu, kaka wa mama yake, alikuwa na gari la ng'ombe. Alibeba mawe, boriti, makuti, na mchanga wa kujengea aliouchukua kwenye shimo lililoruhusiwa, tena kwa kibali. Meno ya mbele hakuwa nayo, kwa hiyo maneno yake yalitoka na mluzi. Kila neno alilifungua kwa "Basi yakhe, n'kwambie," na kila jambo, kubwa au dogo, alimtaka shauri ng'ombe wake aliyeitwa Bahati. "Bahati, wewe wasemaje?" Kisha atatega sikio, atatikisa kichwa kana kwamba amejibiwa, na safari itaendelea. Watu walimzoea hivyo, na walimpenda hivyo hivyo.

Yeye ndiye aliyemlea Asya baada ya baba yake Yussuf kufariki. Msimu wa masika alimpeleka skuli juu ya gari lile, amefunikwa turubai, na njiani alimchekesha kwa kumwigizia sheha, imamu akiwa na mafua, na mwalimu mkuu akitafuta miwani aliyoivaa. Kwa hiyo hata huko kuiga Asya alikopatia sifa, alikupata kwa Jaribu. Hilo hakulikumbuka jioni ile. Alipofika pale Mzee Ndoo anapokamatwa mara ya kwanza, alitoa pumzi kati ya meno akasema, "Basi yakhe, n'kwambie…"

Ua mzima uliangua kicheko. Shadya, jirani yake, alianguka kinyumenyume kwenye rundo akainuka na karafuu tele nyweleni. Bi Intisar alifuta machozi kwa ncha ya kanga akasema, "Rudia, rudia, mwana mwenye balaa wewe!" Asya akarudia.

Kuanzia hapo hawakutaka kusikia habari za inspekta. Wao ni Mzee Ndoo tu. Tatizo ni kwamba kitabuni Mzee Ndoo husema kidogo sana, mtu aliyejinyamazia zake, na punda wake hana hata jina. Basi Asya akaanza kuongeza. Akampa Mzee Ndoo mazungumzo na punda. Macho yake yako kwenye ukurasa, kidole kinafuata mstari, na anayoyasema hayamo. "Punda wangu, hawa wasema tumeiba pwani. Wewe wasemaje?" Kisha anatega sikio. Wanawake walikuwa wakishika mbavu.

Na kuna jambo jengine alilolijua peke yake. Mwisho wa kitabu alikuwa ameshausoma kabla hajawafungulia wengine ukurasa wa kwanza. Mzee Ndoo hakuwa mwizi. Kila usiku alioonekana alikuwa akibeba mchanga kuurudisha, ndoo baada ya ndoo, kwa sababu mkewe alizikwa karibu na maji na kaburi lilikuwa linataka kuliwa na mawimbi. Mwizi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kulinda ufuo, yule aliyekuwa akimshika inspekta mkono na kumwonyesha nyayo za punda. Asya aliuficha mwisho huo makusudi. Alitaka siku ya mwisho awatazame watakavyotumbua macho, wale wote waliocheka, watakavyonyamaza kimya na kuona haya kidogo.

Lakini miti haikumngoja. Mvua zilikuja ghafla, karafuu za mwisho zikapukutika, na jioni moja hapakuwa na rundo la kuchambua. Kitabu kilibakia sura za mwisho. "Nitakumalizieni," alisema, nao wakaitikia, "Utatumalizia, inshallah." Kisha ikaja harusi, ikaja Ramadhani, zikaja shughuli za watu. Hakuna aliyeuliza kitabu kimeishaje. Walichokitaka walikuwa wameshakipata.

Maoni ndiyo yaliyobaki yakizunguka. Bi Intisar alisema mwandishi yule kazi anaijua, amewasema wezi bila kumtukana mtu. Mwalimu Mundhir, aliyekisikia kitabu kwa mkewe, alisema mazingira si jambo la mzaha na mtu aliyesoma hapaswi kuandika upuuzi wa namna ile, ingawa alitaka kuazima nakala kwa ajili ya wanafunzi wake. Shadya alisema yote ni kweli tupu, mambo ya hapa hapa, mpaka anashangaa mwandishi aliyajuaje.

"Ya hapa vipi?" Asya alimuuliza.

"Ala! Kwani Mzee Ndoo si mjomba wako? Ntu hata aliyelala angemjua!"

Asya alicheka. Ndiyo, alicheka, na kicheko kile alikuja kukijutia kuliko vyote.

Pwani ya kijiji chao ilikuwa ikiliwa kweli. Minazi ya mbele ilikuwa imeanguka, na kila mwaka bahari ilisogea. Watu walikuwa wakisema ni mapenzi ya Mungu, wengine wakisema ni hali ya hewa kama walivyosikia redioni. Sasa walikuwa na mtu wa kumsema. Watoto walikimbilia gari la Jaribu wakipiga kelele, "Mzee Ndoo! Rudisha pwani!" Mwanzo aliwachekea, akamuuliza Bahati anasemaje. Walipomsikia akimuuliza ng'ombe walizidi kuchachamaa, naye hakufahamu kwa nini.

Kisha Shadya, aliyekuwa akijenga, alikataa mchanga wake. "Sitaki kuulizwa mbele ya watu," alisema. Mwengine naye akaona bora aagize kwa lori. Kamati ya shehia ilimwita, naye alikwenda na kibali chake cha shimo, wakakitazama, wakasema hana kosa. Lakini neno la kuwa Jaribu hana kosa halikuchekesha, kwa hiyo hakuna aliyelipeleka mbele.

Alikuja nyumbani kwa Asya alasiri moja, akaketi barazani, kofia mkononi.

"Asya, mwanangu, hicho kitabu chasemaje juu yangu?"

"Hakikusemi wewe, mjomba. Ni hadithi tu, ya huko bara."

"Watu wasema nimeandikwa. Kila kitu changu kimo, hata kusema na Bahati. Huyo ntu wa bara kanijuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pake Asya pa kusema. Angeweza kumwambia, ni mimi, mjomba, mimi nilikutia mle. Angeweza kuingia ndani akaleta kitabu, akamsomea ule mwisho, kisha wakaenda pamoja nyumba kwa nyumba. Aliona aibu. Alimwona amekaa pale na kofia yake, akahofia uso utakavyogeuka akijua ile sauti imetoka kwa nani.

"Watu wana maneno tu, mjomba," alisema. "Usiwasikilize, yatapita."

Jaribu aliitikia kwa kichwa, akainuka. Hakumuuliza Bahati neno, na ng'ombe alisimama muda akingoja kuulizwa kabla hajaanza kutembea.

Hayakupita. Kabla ya msimu mwengine Jaribu alimuuza Bahati kwa watu wa Konde, gari akaliacha limeegemea ukuta, akahamia kwa binti yake Khairat huko Gombani, nyuma ya uwanja wa mpira. Kijijini walisema wameona, mwizi amekimbia.

Asya alipata habari za kuhama kwake kwa watu. Moyo ulimuuma asilale, asile vizuri. Vuno lilipofika na Bi Intisar akamwita uani, alikwenda na kitabu kile kile. Akasimama wima, akawaambia kwamba leo anawasomea mwisho. Akausoma wote, kaburi na ndoo na mwenyekiti wa kamati, kwa sauti yake mwenyewe. Wakamsikiliza kwa adabu.

"Kumbe," alisema Bi Intisar. "Mwisho wake si mzuri kama mwanzo."

"Mimi nauona huo mwisho wa kubuni," alisema Shadya. "Huo mwanzo ndio wa kweli."

Siku ya pili yake Asya alikwenda Gombani. Alimkuta mjomba ukumbini amekaa kwenye mkeka, amekonda, redio pembeni haijawashwa. Uwanjani palikuwa na mechi, na kila mara makelele yaliingia kupitia dirishani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marhaba, mwanangu. Umekuja na nini hicho?"

"Nimekuja kukusomea kile kitabu. Chote."

Khairat alileta chai akawaacha. Asya alisoma polepole, bila kumwiga mtu, inspekta na Mzee Ndoo na wanakijiji wote kwa sauti moja. Alisoma mpaka mwito wa magharibi, wakasali, akaendelea. Jaribu alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakucheka hata mara moja. Pale Mzee Ndoo alipoonekana akimimina mchanga kaburini, aliguna kidogo akajifuta uso kwa kiganja, na Asya moyoni mwake alishukuru Mungu. Alidhani lililokuwa zito limeshatua.

"Basi ndiyo mwisho," alisema, akakifunga. "Umeona, mjomba? Hakuwa mwizi."

"Nimesikia. Ntu mwema." Jaribu aliinua kichwa. "Lakini mbona umeniruka pahala?"

"Sijaruka, wallahi. Nimekusomea kila neno."

"Pale anaposema na punda wake. Watu wote waliniambia hapo ndipo penye kicheko chenyewe. Amuuliza punda, wewe wasemaje, kisha atega sikio. Hapo nilikuwa nimepangojea tangu mwanzo. Nisomee hapo."

Asya alikifungua kitabu, akageuza kurasa, akajifanya anatafuta. Uwanjani watu walikuwa wameshaondoka. Alitafuta hadi akafika jalada la mwisho, ndipo alipokiweka chini.

"Hapamo, mjomba," alisema. "Hapakuwamo tangu mwanzo."

Jaribu alimtazama. Alimtazama kinywani, si machoni, na Asya akajua ameshafahamu.

"Basi yakhe," alisema mzee, polepole, akakoma hapo hapo. Kisha akamwita Khairat aje aondoe vikombe.