Sindano ya Joto Iliyolala

Gari la mzee mmoja, mteja wangu, lilianza kumisi kipupwe kilipoingia Dodoma, ule upepo wa mwezi wa sita unaopasua midomo. Asubuhi linawaka vizuri tu. Likifika Kizota linakohoa, linatoa moshi mweusi, na ukifungua plagi unazikuta zina masizi kama sufuria ya kuni. Lilikuwa gari la zamani la Kijerumani lisilo na kabureta: mafuta yanapulizwa na nozeli za umeme, zikiamrishwa na kiboksi kilichofichwa chini ya kiti. Mjini tulioweza kuligusa tulikuwa wawili, mimi na fundi umeme niliyeshirikiana naye gereji kwa miaka minne. Mimi injini, yeye nyaya.

Sasa mwezi mmoja kabla, mwenzangu alikuwa amekifungua kile kiboksi kukisafisha vumbi. Mzee, karani mstaafu wa wizara, akaunganisha mambo. Alikuja gerejini akasema mbele ya watu kwamba kiboksi chake halisi kimetolewa, kimeuzwa, na yeye kawekewa kibovu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ndiyo kwanza zimeachiwa huru, maduka ya spea yanafunguliwa kila kona, na kila mwenye gari alikuwa na kisa cha kifaa chake kuonekana dukani. Akatoa muda: ikifika Ijumaa kiboksi hakijarudi, anakwenda polisi. Mwenzangu akasema hajachukua kitu, kisha akanigeukia mimi. Nikajifanya natafuta spana.

Siwezi kusema niliamini kwamba ameiba. Siwezi kusema sikuamini. Aliondoka akaenda kukaa kwake Chang'ombe, na fundi anayeitwa mwizi katika mji ule mdogo alikuwa amekwisha, hata polisi wakimwacha. Basi nikapandwa na hasira, nikaapa kwamba hilo gari litanieleza linaumwa nini kabla ya Ijumaa, litake lisitake.

Jumatano nikaanza na moto wa plagi. Nikasafisha platini, nikabadilisha kondensa, nikachomoa waya wa plagi: cheche ya bluu, inalia ta-ta-ta. Huko hakuna kosa. Nikaazima geji nikapima presha ya mafuta, ikawa palepale inapotakiwa. Nozeli nazo hazikuvuja hata tone. Kwa kila nilichokikuta kizima, mwenzangu alizidi kuonekana mwizi, nami nikazidi kukaza uzi.

Alhamisi nikafunga plagi mpya nikashika njia ya Bahi peke yangu. Likaenda vizuri, halafu likaanza ujinga wake. Nikatazama dashibodi. Lilikuwa limetembea nusu saa nzima, na sindano ya joto bado imelala chini. Sisi huku tunaogopa sindano inayopanda. Ikilala tunamshukuru Mungu na kukanyaga mafuta. Safari hii nilisimama, nikafungua boneti, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Loo! Ulikuwa vuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto.

Kile kiboksi hupata habari ya joto kutoka kwenye maji ya injini. Maji yakiwa ya baridi, kinadhani gari ndiyo kwanza linawashwa, kinaongeza mafuta. Na kilikuwa kinaongeza safari nzima. Nikachana boksi la sabuni, nikaziba rejeta upepo usiipoze, nikaondoka. Sindano ikapanda polepole. Moshi ukakata, kumisi kukaisha, nikawa naimba peke yangu kama mwehu.

Wimbo uliishia gerejini, nilipofungua mahali pa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto. Hapakuwa na kitu. Nikakumbuka. Mwezi wa kumi na moja uliotangulia gari lilichemsha njia ya Kondoa, nami nikaitoa themostati kwa mkono wangu, nikaitupa, nikamwambia mzee kwa majigambo kwamba vitu hivyo ni vya nchi za theluji. Mafundi wengi wa huku tulifanya vivyo hivyo. Joto la kiangazi likaficha kosa langu, kipupwe kikaniumbua.

Ningeweza kupachika nyingine kimyakimya nikasema gari limepona. Nililiwaza jambo hilo, sitadanganya, na si kwa dakika moja. Lakini Ijumaa mzee alipofika, nilimwamkia na papo hapo nikamwambia: "Si yeye, mzee. Gari lako nililiharibu mimi." Nikamwonyesha pale palipo patupu, nikamweleza yote. Akataka tumfuate mwenzangu saa ile ile, na tukaenda na gari hilo hilo.

Mwenzangu alitusikiliza akiwa mlangoni. Mzee aliomba radhi kwa unyenyekevu, akasamehewa kabla hajamaliza. Nikaanza na mimi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mzee hanijui," alisema. "Wewe, dada, unanijua."

Nilisikia aibu ambayo mpaka leo haijanitoka. Jumatatu alirudi kazini, na tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, kwa salamu na heshima zote. Ila kila jioni, kabla ya kutoka, aliufungua mfuko wake wa vifaa mbele yangu, akasubiri niutazame. Nilimwomba aache. Hakuacha.