Kitenge Nilichokifua kwa Mikono Yangu

Watu wakija Bangwe kuuliza habari za Stephania, wanaletwa kwangu. Ati kwa sababu vichanja vyetu vya kuanikia dagaa vimepakana, na nimemjua tangu anatoka kamasi. Haya, kaeni. Nitawasimulia, ila msinikazie macho nikifika mahali pa kumsifu, maana kumsifu yule mtoto kunaniwasha koo.

Stephania ni wa hapa hapa. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kalemie, akaoa Bangwe, akazikwa Bangwe. Baba yake, Mzee Dismasi, anatengeneza mashine za boti, na ukimpelekea leo utaipata siku anayotaka yeye. Stephania mwenyewe ni mwanamke wa kawaida kabisa. Mfupi, magoti yamegeukiana kidogo, sauti kama ana mafua mwaka mzima. Anaanika dagaa kama mimi, anauza kama mimi, ameolewa na fundi baiskeli anayekoroma mpaka nyumba ya tatu wanamsikia. Mimi Rozalia, ukiniweka naye mbele ya watu, nani atamtazama yeye? Semeni ukweli.

Kundi letu la ngoma linaitwa Mwanga wa Ziwa. Alilianzisha Mama Agnesi, mwalimu mstaafu. Si ngoma ya harusi ile, wala si kukatika viuno kwenye baa. Mama Agnesi alichukua miruko ya Waha, akachukua viuno vya jamaa zetu wa Kongo, akavichanganya na mambo yake ya kichwani, akatufundisha kusimulia kisa kizima kwa mwili bila kufungua mdomo. Siku za mbalamwezi, wavuvi wasipotoka na vichanja vikiwa vitupu, tunafanya mazoezi pale pale mchangani kutwa nzima. Kiongozi ndiye anayeamua tucheze nini na nani akae mbele. Ana filimbi shingoni na kitenge cha bluu kiunoni. Ukikifunga kile kitenge, hata mumeo anakuja kwako na adabu.

Mimi nilikuwa mkono wa kulia wa Mama Agnesi. Yeye akiumwa, nashika filimbi mimi. Mgeni akija, anaonyeshwa mimi. Kwa hiyo Mama aliposema magoti yamemchosha na atakabidhi kundi, sikuuliza ni kwa nani. Na kama haitoshi, Jumamosi akaja kwangu na kile kitenge kimekunjwa, akaniambia, "Roza, nifulie hiki, kesho nina kazi nacho."

Sasa niambieni. Kwetu hapa mtu anampa nani kitenge chake cha kiunoni akifue? Si anampa mtu wake? Nilikifua kwa sabuni ya kunukia, nikakisuuza ziwani mara mbili, nikakipiga pasi ya mkaa mpaka kikasimama chenyewe. Nikasuka nywele. Nikamwambia wifi yangu Angelina, na kumwambia Angelina ni sawa na kutangaza redioni.

Jumapili baada ya misa tukakusanyika mchangani. Mama Agnesi akakikunjua kitenge changu, nakiita changu kwa sababu kilikuwa kinanuka sabuni yangu, akapita mbele yangu, nami nimekwisha kuinua mikono ili anifunge, akaenda kumfunga Stephania.

Mawee! Mikono yangu ilibaki hewani. Ikabidi nijifanye napiga makofi.

Nilimfuata Mama nyumbani kwake jioni ile ile. Shikamoo yenyewe niliitoa kwa kuivuta. Nikamwambia, "Mama, mimi nina kasoro gani?"

"Huna kasoro, Roza. Unacheza kuliko yeye."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mchezaji ninaye tayari, ni wewe. Nilikuwa natafuta kiongozi."

Jibu gani hilo? Nikasusa. Mazoezini sikukanyaga tena. Wakipita kuniita, najibu nina mgongo. Nikimsikia Stephania anapuliza ile filimbi, nasonya mpaka kuku wanakimbia. Wivu? Ndiyo, ulikuwa wivu, mlidhani ni malaria? Usiku silali, mchana nikimwona anapita na kitenge kile kiunoni naangalia kama kimekunjamana, na nikiona kimekunjamana nashiba siku nzima.

Hapo sasa ndipo ilipokuja siku ya mvua.

Sisi waanikaji tuna desturi yetu. Wingu likitanda na mwenzio wa kichanja cha jirani hayupo, unamwanulia dagaa wake. Haiulizwi mmegombana au hamjagombana. Na akirudi hakushukuru, maana kushukuru ni kama kusema alidhani ungewaacha walowe. Usipomwanulia, basi hata msiba ukikufika utapika mwenyewe.

Siku hiyo Stephania alikuwa amekwenda Ujiji kutafuta uwanja wa onyesho lake la kwanza. Dagaa wake wamejaa kichanja, na wangu wamejaa. Mara wingu jeusi likaja kutoka upande wa Kongo, kwa mbio. Wote mnajua dagaa aliyelowa anageuka kuwa nini. Chakula cha kuku.

Mngefikiri nilianza na wangu. Thubutu! Nilianza na wake. Tena kwa hasira. Nilijiambia, wangu wakilowa ni hasara yangu, lakini wake wakilowa, Bangwe nzima itasema Rozalia amefanya kijicho kwa sababu ya kitenge. Simpi mtu hiyo raha. Nikauma pindo la khanga, nikakumba kwa viwiko, nikasukuma beseni kwa nyonga, mvua inaanza kudondoka, dagaa wangu wako pale pembeni wananitazama.

Nikiwa nusu ya kichanja, bodaboda ikasimama. Stephania huyo, akashuka. Badala ya kukimbilia kichanja changu anisaidie, akasimama chini ya ukuta, ndala mkononi, ananitazama. Kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Wewe! Umeota mizizi?" nikamfokea. "Dagaa zako hizi mwanamke!"

Ndipo akashtuka, akaja, tukawakimbiza wangu ndani. Nusu walikuwa wamekwisha kulowa. Hakushukuru, kama desturi. Lakini kule kusimama kulinikata maini. Nikasema moyoni, ndiyo ukubwa huo, mwenzako anahangaika na mali yako, wewe unatazama kama uko senema.

Siku ya onyesho nilikwenda Ujiji. Msinielewe vibaya, nilikwenda kuona watakavyoaibika. Nikakaa nyuma kabisa na Angelina, nimejitanda khanga mpaka puani. Uwanja umejaa, watoto wamepanda ukutani, wazee wamepewa viti.

Ngoma ikapigwa taratibu. Akatoka Stephania peke yake na beseni tupu. Ameuma pindo la khanga. Akaanza kukumba kitu kisichoonekana kwa viwiko, akasukuma beseni kwa nyonga, na watu wa Bangwe waliokuwapo wakaanza kucheka, maana walimjua yule mtu. "Rozalia huyo!" kijana mmoja akapiga kelele. Angelina akanigusa ubavuni, "Wifi, si wewe?"

"Nyamaza," nikamwambia.

Halafu uwanja ukanyamaza wote. Kwa sababu kulikuwa na kitu kingine. Mikono ya Stephania ilikuwa inaanua huku, lakini shingo yake, kila baada ya mikumbo kadhaa, ilikuwa inageuka kule. Inageuka, inatazama, inarudi. Inageuka tena. Mikono haisimami hata kidogo, na shingo inakatika kwa uchungu wa kile kinacholowa pembeni. Mama mmoja mbele yangu, wala simjui, akaanza kulia.

Mimi sikujua kwamba nilikuwa nageuza shingo. Wallahi sikujua. Nilidhani siku ile watu wangeona hasira tu.

Nililia pia, lakini msinipambe, nililia kwa wivu. Nimecheza maisha yangu yote, najua kuruka, najua kutua bila kishindo, na sijawahi hata siku moja kumtazama mtu mwingine akifanya kazi nikaona kitu kama hicho. Kumbe yeye alikuwa anafanya kazi palepale chini ya ukuta. Na mimi ndiye niliyemfokea. Niliondoka kabla hawajamaliza kupiga makofi.

Kesho yake asubuhi, niko kwenye kichanja, akaja. Kitenge kiunoni, filimbi shingoni, mafua yake yale yale.

"Shikamoo dada Roza."

"Marahaba." Sikugeuka.

"Dada, ile ya beseni sijaipata sawasawa. Pale unapoinuka nalo likiwa limejaa, mguu gani unatangulia?"

"Uliza waliokupigia makofi."

"Ngoma ile ni yako," akasema. "Mimi nilikushikia tu, maana hukuwepo. Tunakwenda kuicheza Kagunga. Nataka ukae mbele, mimi nikae pembeni na filimbi."

Mnaona alivyo? Hata nafasi ya kumchukia vizuri hakupi. Nikatua dagaa chini, nikashika beseni. Nikawaza, mwanamke huyu ana kitenge, ana filimbi, ana watu wa Ujiji wanaomlilia. Hiki kimoja simpi. Nikainuka na beseni makusudi kwa mguu wa kulia, nikampa na kitabasamu juu.

"Huo hapo," nikasema.

Stephania akakiinamisha kichwa upande mmoja, vile vile kama siku ya mvua. Akanitazama miguu, akanitazama uso. Akacheka kidogo.

"Siyo huo, dada. Siku ile ulikuwa na uchungu zaidi."

Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza.

Na mimi, mwili wangu huu mpumbavu, kabla sijaamua, ulikuwa umekwisha kuinama kwenye beseni na kuinuka kwa mguu wa kushoto.